Bima ya uzeeni Marekani: kadi ya dola sifuri au bima ya ziada?

"Mama, ukija huku Muscat ukaugua, bima yako itakufuata?" Binti yangu aliniuliza hivi kwa simu mwaka 2025, mwezi ule niliotimiza miaka 65 hapa Columbus, Ohio. Nikanyamaza. Nimefundisha hesabu miaka mingi katika sekondari ya misheni kule pwani ya Kenya, na hapa Marekani nimekuwa msaidizi wa mwalimu miaka kumi na moja. Lakini swali lile sikuwa na jibu lake.

Familia nyingi za Ghuba zina mzee wao Marekani, au zina mpango wa kumleta. Basi nieleze nilivyojifunza, maana hesabu hii ukiikosea mwanzoni, kufuta si rahisi.

Medicare ni bima ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi. Rais Lyndon Johnson aliitia saini tarehe 30 Julai 1965. Sehemu A ni ya hospitali, na hulipii ada ya mwezi ikiwa wewe au mwenzako wa ndoa mmekatwa kodi ya Medicare kazini kwa jumla ya miaka kumi. Sehemu B ni ya madaktari na vipimo, na mwaka 2025 ada yake ya kawaida ilikuwa dola 185 kwa mwezi. Mzee aliyeletwa na watoto kwa green card bila kufanya kazi hapa lazima akae miaka mitano mfululizo kwanza, ndipo aweze kuinunua. Sehemu A peke yake ilikuwa inafika dola 518 kwa mwezi. Wanaotaka kumleta bimkubwa, hilo mlijue kabla ya kukata tiketi.

Sasa uko kwenye Medicare. Hapo njia zinagawanyika mbili.

Njia ya kwanza ni kubaki na Medicare ya serikali. Unakwenda kwa daktari yeyote nchini anayeipokea. Lakini kwenye Sehemu B unatoa mwenyewe dola za mwanzo kwa mwaka (mwaka 2025 zilikuwa 257), kisha asilimia 20 ya kila bili, na haina kikomo. Matibabu ya dola 40,000, wewe una 8,000 na zaidi. Ndiyo maana watu hununua bima ya ziada inayoitwa Medigap kuziba lile pengo, na Sehemu D kwa ajili ya dawa.

Njia ya pili ni Medicare Advantage. Kampuni binafsi inakuhudumia badala ya serikali. Bado unalipa ile ada ya Sehemu B, lakini mipango mingi haiongezi kitu juu yake, na mara nyingi wanakutilia meno, miwani na dawa humo humo. Mwaka 2025 ulichotoa mfukoni kwa madaktari wa kwenye orodha yao hakiwezi kupita dola 9,350. Masharti yake ni kwamba mara nyingi unabanwa na orodha hiyo, na matibabu kadhaa yanahitaji kibali cha kampuni kwanza.

Kaka yangu yuko Louisville, Kentucky, mji aliozaliwa Muhammad Ali. Yeye amechukua Advantage na ameridhika. "Dada, meno yangu mapya haya, sijatoa hata senti," ananiambia huku anacheka. Daktari wake yuko kwenye orodha, hospitali iko karibu, na yeye hasafiri. Kwa maisha yake, kachagua vizuri.

Mimi nusura nimfuate. Kijana mmoja alikuja kwenye chakula cha mchana cha wazee, na fomu mkononi. "Mama, dola sifuri, weka saini hapa tu." Kalamu nilikuwa nimeshaishika. Ualimu ukanizuia: nikamwuliza, je, mwakani nikitaka kutoka? Akasema, "Unatoka tu." Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli.

Nusu ya pili nilielezwa na mshauri wa OSHIIP, ofisi ya serikali ya Ohio inayowashauri wazee bure. Ukishatimiza miaka 65 na kuanza Sehemu B, una miezi sita ambayo kampuni ya Medigap haiwezi kukukataa kwa sababu ya ugonjwa. Ikipita, huku Ohio na kule Kentucky wanaweza kukuuliza afya yako, wakakataa au wakapandisha bei. Anayeingia Advantage mara ya kwanza akiwa na miaka 65 ana miezi 12 ya kujaribu na kurudi na haki hiyo. Baada ya hapo, kutoka utatoka, lakini Medigap huna hakika ya kuipata. Na mie nina sukari na presha. Nani atanitaka nikiwa na miaka 72?

Mtoto wa ami yangu yuko Buffalo, New York, na huko mambo ni mengine. Sheria ya jimbo lao inalazimisha kampuni kuuza Medigap kwa mzee yeyote wa Medicare wakati wowote, bila kupandisha bei kwa umri wala maradhi. Bei zao ziko juu kuliko zetu, lakini mlango haufungwi. Kwa hiyo usiige uamuzi wa jamaa yako wa jimbo jingine.

Nikakaa na daftari. Medigap ya mpango G niliambiwa dola 130 kwa mwezi, na dawa 30. Ni dola 160 juu ya anazolipa kaka, yaani 1,920 kwa mwaka. Si kidogo kwa mstaafu.

Lakini nikarudi kwenye swali la binti yangu. Medicare ya serikali hailipi matibabu nje ya Marekani, isipokuwa kwa nadra sana. Baadhi ya mipango ya Advantage hulipa dharura za nje, mingine hailipi. Mpango G unalipa asilimia 80 ya dharura baada ya wewe kutoa dola 250, hadi dola 50,000 kwa maisha yako yote, ilimradi dharura iwe ndani ya siku 60 za mwanzo wa safari.

Nikachukua G. Pengine kwa mwingine ingekuwa kosa. Muulize mzee wako mambo manne: daktari wake ni nani, dawa zake zipi, anasafiri wapi, na miezi yake sita inaisha lini. Na asicheleweshe Sehemu B bila bima ya kazini, maana kila miezi 12 anayochelewa ada hupanda asilimia 10, na nyongeza hiyo humganda daima.

Zamani nilikuwa nakaa Muscat miezi mitatu. Sasa nakata tiketi ya siku 58. Wajukuu wameninunia, lakini bibi yao yumo ndani ya hesabu.