KUJUA KUSOMA NI KINGA YA NYUMBA



Mwaka 2009 nilikuwa mchumaji wa chai hapa Uganda. Mtoto wetu alishikwa na kuhara. Mke wangu alimpeleka zahanati, akapewa pakiti za dawa ya chumvichumvi. Mimi nilikuwa shambani. Pakiti iliandikwa kwamba unga wote utiwe katika lita moja ya maji safi. Mke wangu hakupata kwenda shule. Akautia katika kikombe kimoja. Chumvi ilizidi, mtoto akazidi kulegea, mpaka jirani aliyejua kusoma alipotuonyesha kosa. Mtoto alipona. Lakini kosa lilikuwa langu. Miaka yote nilijua kusoma, wala sikumfundisha mke wangu hata herufi moja.

Ndugu, dawa ile ile huponya au hudhuru kwa kadiri inavyotumiwa. Kadi ya kliniki ina tarehe ya chanjo. Asiyeisoma hupitwa na siku. Chupa ya dawa ya mtoto inasema kiasi gani na mara ngapi. Hata madebe ya dawa ya wadudu shambani yana maandishi, na mkanda mwekundu maana yake ni sumu kali. Asiyejua huchukua debe tupu nyumbani akatekea maji ya kunywa.

Majirani zetu wa Tanzania walilitambua jambo hili mapema. Mwaka 1967, kwa kila watu wazima watatu, wawili hivi hawakujua kusoma. Serikali ikafungua madarasa vijijini na viwandani. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vijitabu juu ya malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Kisha wakashika majembe, wakachimba vyoo na kufyeka majani.

Basi sisi tufanye nini? Kila kamati ya tawi idai kwa mwajiri chumba, na saa moja ya masomo mara mbili kwa juma bila kukatwa mshahara. Mwalimu tunaye: ndugu yeyote aliyemaliza darasa la saba. Kitabu cha kwanza kiwe kadi ya kliniki na pakiti ya dawa. Na sisi wanaume tubaki na watoto saa hiyo, mama zao waende darasani.

Anayejua amfundishe asiyejua, naye aanzie nyumbani kwake.