Picha ya Mkimbizi Isiyo na Jina

Bila shaka picha hii umewahi kuiona: ufuko wa Ziwa Tanganyika, mitumbwi imesongamana, kina mama wamejitwika magodoro, watoto wameshika masufuria. Mwaka 2015 ilikuwa Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho mpakani, ambako maelfu ya Warundi walingoja meli ya Liemba iwapeleke Kigoma huku kipindupindu kikiwaandama. Januari 2018 zamu ilikuwa ya Rumonge yenyewe, Wakongo wa Fizi walipovuka ziwa kukimbia vita.

Picha hizo ziliamsha huruma, wala hilo si jambo dogo. Lakini mwenye sura hubaki “mkimbizi” tu. Jina lake na shamba aliloliacha havimo.

Rumonge yaujua uzito wa upungufu huo. Aprili 29, 1972, uasi ulizuka kandokando ya ziwa, na mauaji makubwa yaliyofuata nchini yakawafukuza watu wengi hadi Tanzania, wakaishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Maelfu waliporejea kuanzia mwaka 2008, wengi walikuta michikichi yao inavunwa na wengine, tena baadhi ya hao walipewa mashamba kwa idhini ya serikali. Madai yakafikishwa mbele ya tume ya taifa ya ardhi, iliyoundwa mwaka 2006. Kijana aliyezaliwa Katumba, ambaye baba yake alizikwa huko huko, angeonyesha nini? Picha ya mzee amesimama mbele ya nyumba yake, nyuma yake pameandikwa jina, kilima na mwaka, isingekuwa hati. Ingekuwa walau mwanzo wa maneno.

Basi mpiga picha na aandike: nani, wapi, lini. Aombe ruhusa kwanza, maana wale waliomkimbiza mtu nao hutazama magazeti. Penye hofu, jina litunzwe daftarini, mbali na picha. Askari wa zamu ufukoni, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kumpokea mkimbizi, aweza kumzuia mwenye kamera asimwingilie mgonjwa au mama anayejifungua.

Nasi tulio majumbani tuna masanduku ya picha zisizo na neno hata moja. Tumia kalamu ya risasi iliyo laini, bila kukandamiza, kwani wino huchujuka maji yakiingia. Kisha zifunge ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na vyeti vya kuzaliwa.