Duka la simuni lataka hesabu kali

Kampuni ya Jumia ilifunga shughuli zake nchini Tanzania Novemba 2019, miezi saba tu baada ya hisa zake kuanza kuuzwa New York. Nchini Kenya, Copia nayo iliwekwa chini ya msimamizi Mei 2024. Hizo zilikuwa kampuni zenye mamilioni ya dola za wawekezaji. Wauzaji wadogo wa Kariakoo wanaotangaza viatu na vitenge kwa Instagram na WhatsApp bado wapo, ingawa si wote, wala si kwa urahisi.

Tofauti iko kwenye gharama. Muuzaji mdogo hana ghala wala magari. Mzigo wa mjini humpa bodaboda, wa mikoani huupeleka kwenye basi. Lakini hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Chukua mfano wa kiatu kilichonunuliwa kwa sh. 18,000 na kuuzwa kwa sh. 25,000 "pamoja na usafiri". Bodaboda akichukua sh. 4,000, na bando, mfuko na ada ya kutoa fedha vikala sh. 1,500, faida inayobaki ni sh. 1,500. Mteja mmoja akikataa mzigo mlangoni, muuzaji hulipia safari ya kwenda na kurudi, sh. 8,000. Faida ya jozi tano imeteketea. Ndiyo maana wazoefu hudai walau nauli kwanza. Baadhi ya wateja hununa na kuondoka, na kwa hesabu hizo si hasara kuwakosa.

Kitanzi kingine ni dola. Mwaka 2024 dola moja ilipita sh. 2,700, kisha ikashuka chini ya sh. 2,500 Desemba. Aliyejaza stoo kwa mkopo wakati dola iko juu alijikuta akishindana na wenye mzigo mpya wa bei nafuu, huku riba ikiendelea kuhesabiwa. Aliyechukua pisi chache chache kwa muuza jumla alilipa zaidi kidogo kwa kila pisi, lakini mtaji wake haukufungiwa stoo.

Kisha kuna mtandao wenyewe. Mei 12, 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Tanzania kwa siku kadhaa. Muuzaji ambaye wateja wake wote wamo ndani ya akaunti moja hana wa kumpigia simu siku kama hizo. Daftari la majina, namba na saizi za miguu halizimiki, na mteja aliyewahi kununua hahitaji kutafutwa kwa tangazo la kulipia.

Wanaotaka kupanuka wakumbuke kwamba mapato yanayopita kwenye lipa namba huacha kumbukumbu ya kumwonyesha mkopeshaji, jambo ambalo fedha taslimu mfukoni haziwezi. Na anayefikiria kuajiri mtu wa kujibu meseji ahesabu kwanza oda zilizorudi mwezi uliopita.