Mita ya LUKU ina kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ina ukomo

Mita nyingi za LUKU, yaani za umeme wa malipo ya kabla, haziwasiliani na mtandao wowote. Mteja analipa kwa simu, anapokea meseji yenye tokeni ya tarakimu 20, kisha anazibonyeza mwenyewe hadi mita ikubali na uniti ziongezeke. Yeye ndiye anayezifikisha taarifa za mauzo kutoka kwenye kompyuta za shirika la umeme hadi ukutani kwake.

Biashara hiyo inawezekana kwa sababu mita ina hifadhidata yake ndogo. Humo mna namba ya mita, ufunguo wa siri, salio la uniti na kumbukumbu ya tokeni zilizokwisha kutumika. Ndiyo maana tokeni ya jirani haiingii kwako, na uliyoingiza jana ukiirudia leo inakataliwa. Utaratibu huu, unaoitwa STS, ulianzia Afrika Kusini na sasa unatumika Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi.

Mita huzitambua tokeni kwa muda. Kila tokeni hubeba dakika iliyotolewa, kwa hesabu ambayo awali ilianza 1 Januari 1993. Waliobuni utaratibu huo waliitengea hesabu hiyo biti 24, yaani dakika 16,777,216, ambazo ni karibu miaka 32. Nafasi ilikuwa ijae 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu ingerudi sifuri, na mita ambayo haijarekebishwa ingeiona tokeni mpya kuwa ya zamani na kuikataa, hata kama fedha zimeshalipwa.

Dawa ilikuwa kubadilisha ufunguo wa kila mita, ili ianze hesabu mpya. Kwa kuwa mita hizo hazifikiki kwa mtandao, kazi ilipitia mikononi mwa wateja. Mashirika ya umeme ya Tanzania na Kenya, TANESCO na Kenya Power, yaliwatumia wateja mafungu matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza yalibeba ufunguo mpya, kila moja nusu yake. La tatu lilikuwa umeme wenyewe. Ilibidi yaingizwe kwa mpangilio huo. Ufunguo ukishabadilika, tokeni ya zamani iliyowekwa akiba bila kuingizwa haifanyi kazi tena.

Mashirika yanastahili pongezi kwa kuitangaza kazi hiyo mapema. Hata hivyo, tarakimu 60 ni mzigo kwa mzee mwenye macho hafifu, na kwa mpangaji ambaye meseji ya tokeni huenda kwenye simu ya mwenye nyumba. Mfumo unaomfanya mteja kuwa fundi wake una deni kwake: maelezo ya Kiswahili chepesi, namba ya simu inayopokelewa, na mtu wa kufika nyumbani anapokwama.

Hesabu mpya imeanzia mwaka 2014, nayo itajaa Novemba 2045. Huo ndio muda wa kujipanga. Leo maji na umeme wa jua pia vinauzwa kwa malipo ya kabla, kupitia vifaa vyenye kumbukumbu ndogo kama hiyo. Wanaovinunua kwa niaba ya wananchi waulize kabla ya kusaini mkataba: kumbukumbu hii itajaa lini, nani ataihuisha, na kwa gharama ya nani? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba, na mteja aelezwe siku anapofungiwa mita, kwa kuwa ndiye atakayebaki gizani yakikosekana.