Mwizi wa pande mbili: katika mchezo wa wahusika, hadisi ni ya nani?



Wengi wenu mmeniona na begi langu la dadu na makaratasi, mkaniuliza kama nimeingia kamari. Hapana, haiko kamari. Ni mchezo wa wahusika, ule kwa Kifaransa tunaita jeu de rôle. Watu wanne ao watano wanaikaa kwa meza. Mmoja ni mwongozaji: yeye anaeleza mahali, mvua, giza, watu wanaopita. Wengine, kila mmoja ana mtu mmoja tu wa kuendesha: mchuuzi, askari, mganga. Mwongozaji anasema, "Mumefika kwa muto, daraja imevunjika. Munafanya nini?" Na wao wanajibu wanavyotaka. Jambo likiwa la hatari, dadu zinaamua. Hakuna picha wala skrini, ni maneno tu, karibu sawa na hadisi za bibi pa moto, isipokuwa hapa mtoto ana ruhusa ya kumkata bibi maneno na kusema: mimi sipiti kwa ule mlango.

Sasa, kama kila mtu anafanya anachotaka, hadisi inashikwa na nani? Mimi niliilipa bei hii swali.

Ilikuwa Bukavu, mwaka 2016. Tulikuwa tumemaliza kutetea TFE, kazi hakuna, na siku ya posho ni ndefu. Niliandika hadisi ya kurasa 14 kwa daftari. Mfanyabiashara mmoja wa kahawa anawapa wachezaji sanduku walipeleke Goma, katikati ya safari linaibiwa, wanamfuata mwizi. Nilikuwa najivunia ile hadisi, hasa mwisho wake.

Basi wakaanza kubishana: tupande bateau, ao tupite barabara ya Kalehe na Minova? Dada mmoja wa agronomia, mtu wake alikuwa mchuuzi mwenye akili sana, akasema barabara wakati wa mvua inakuweka njiani siku mbili, na kila mahali unasimama ni mahali pa kuibiwa. Kwa ziwa, sanduku liko mbele ya macho yako. Walibishana karibu saa nzima. Wakachagua bateau. Akafunga sanduku kwa mguu wake na kamba, wakagawana zamu za kulinda usiku.

Mimi nikasema: "Asubuhi munaamuka, kamba imekatwa, sanduku haiko." Wakauliza, aliyekuwa zamu je? Nikasema alisinzia. Hata dadu sikuwapa.

Umeme ukakatika. Katika kutafuta mshumaa akashika daftari langu, akamulika na simu. Ukurasa wa 5 niliandika: BATEAU, mwizi anachukua sanduku usiku. BARABARA, mwizi anachukua sanduku Minova. Kwanza akacheka. Halafu akaniuliza, bila hasira: "Sasa yaya, ile saa nzima tulikuwa tunaamua nini?"

Hakurudi posho iliyofuata, wala ile ingine.

Baadaye nilijua kwamba wachezaji wa Marekani wana jina la hii kosa: wanaiita reli. Abiria anaangalia dirishani, anaona milima, lakini usukani haupo. Na wana mfano wa zimwi ambalo linakungoja njia yoyote utakayochagua, kushoto liko, kulia liko. Kwa maoni yangu zimwi la hivyo siyo dhambi kila mara. Kama watu wako gizani, hawajui lolote la kushoto wala la kulia, hujawanyanganya kitu. Ubaya ni pale ambapo walikuwa na sababu, wamezipima, wamejikinga, halafu wewe unafanya kama hawakusema neno.

Nikaogopa, nikaruka upande wa pili. Niliwaambia waliobaki: "Dunia ni yenu, mufanye munachotaka." Wandugu, ilikuwa mbaya kuliko reli! Jioni mbili nzima wahusika wao walikaa kwa baa moja ya Goma wakinywa pombe ya mawazo. Mmoja akaanza kuuza mbuzi ambazo hana. Hakuna aliyejua anatafuta nini, na saa tatu usiku kila mtu alikuwa kwenye simu yake. Uhuru bila kitu kinachokusukuma ni kama kusimama kwa kituo cha basi ambacho basi hazipiti.

Hii mvutano si ya leo, ni ya kuzaliwa na mchezo wenyewe. Mwaka 1969, kule Minnesota, mwanafunzi David Wesely alitayarisha vita ya askari wadogo wa mezani, ya nyakati za Napoleon, kandokando ya mji wa Ujerumani aliouvumbua akauita Braunstein. Wachezaji walikuwa wengi, basi akawapa wengine kazi za mjini: meya, mwenye banki, mkuu wa chuo kikuu. Hawakungoja vita. Walianza kunong'onezana pembeni, kufanya njama, wawili wakaitana kupigana peke yao. Wesely akarudi nyumbani akijua ameshindwa. Kumbe wao walitaka ingine! Mmoja wao, Dave Arneson, alichukua ile mbegu akaipeleka mbali, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons. Njo kusema, mchezo ulitoka kwa wachezaji waliokataa hadisi waliyopangiwa.

Lakini miaka 10 tu baadaye, 1984, kampuni ileile iliyoutoa ikaleta Dragonlance, mfululizo wa safari zilizotembea pamoja na riwaya za Margaret Weis na Tracy Hickman. Hapo hadisi ilikuwa kubwa, na watu wakaipenda sana. Ila shida: mhusika akifa mezani, na riwaya inamuhitaji mbele? Wakaweka kanuni kwamba wale wa lazima wafe kwa namna isiyo wazi, maiti isionekane, ili wapate kurudi. Siwacheki. Ukurasa wangu wa 5 ulikuwa kitu kilekile, kwa bei ndogo.

Kilichonisaidia kilitoka kwa Apocalypse World, mchezo wa Vincent Baker wa 2010. Pale mwongozaji hatayarishi matukio. Anatayarisha watu wenye haja zao, na anachora saa ya vipande sita kwa kila hatari: wachezaji wakichelewa ao wakikosea, kipande kinajazwa. Saa ikijaa, jambo linatokea, upende usipende.

Nikakaa tena na mwizi wangu. Nilikuwa sijawahi kumuuliza anataka sanduku la nini! Nikaamua: ndani kuna barua ya deni inayoweza kumpokonya baba yake nyumba. Sasa yeye ana akili yake. Alidhani watapita barabara, akawatangulia Minova. Wakipita huko, watakutana. Wakipanda bateau, hayuko. Ataendelea mpaka Goma, aende kwa mwenye kupokea sanduku na kumdanganya kwamba hawa wanaokuja ni wezi. Uchaguzi wao una uzito, na hadisi haikufa.

Dadu nazo zina kazi yao hapa. Mjini hatukuwa na zile za pande 20, tulitumia mbili za ludo, kama katika mchezo huo wa Baker. Namna za kuanguka ni 36. Namna 15 zinatoa 6 ao chini: mambo yanaharibika. Namna 15 zingine zinatoa 7 mpaka 9: unafaulu, lakini unalipa kitu. Ni 6 tu zinazotoa 10 na kupita, kufaulu safi. Ile ya katikati njo tamu, juu inaleta jambo ambalo mimi sikuliandika na mchezaji hakuliomba.

Nilienda kwa yule dada, nikamuomba samahani, nikamwonyesha daftari jipya likiwa limefungwa. Akaja. Tulianzia pale pale Bukavu, na akafunga tena sanduku kwa mguu wake. Walifika Goma nalo. Kurasa zangu 14, kwisha.

Kwa mwenye kupokea, mlango ulikuwa umefungwa na saa yangu ilikuwa na vipande vinne. Akataka kuruka ukuta wa nyuma, amuone mwizi kabla hajamaliza uongo wake. Akarusha dadu: 8. Nikamwambia, unaingia, lakini ukiwa na sanduku utaonekana. Ao uliache inje kwa giza, usionekane. Alinyamaza kitambo. Hakuna aliyeshika simu.

"Naliacha," akasema, akaanza kufungua kamba.