Baada ya mshono: wamama wa Masisi na Walikale

Upasuaji wa kuziba fistula, ule usio na matata mengi, kwa kawaida ni kazi ya saa moja au mbili. Mgonjwa anachomwa sindano ya mgongo, anabaki macho, anasikia vyuma vikigongana kwenye sinia, na kabla ya adhuhuri amerudishwa kitandani. Hesabu za wafadhili nyingi huishia hapo: mama mmoja, upasuaji mmoja, ukurasa unafungwa. Lakini kwa mama aliyefika Goma, mashariki mwa Kongo, kutoka Nyabiondo, Pinga au Mubi, huko Masisi na Walikale, kazi ndiyo kwanza inaanza, na atakayemvusha ni mwanamke mwenzake aliyepita njia hiyo hiyo kabla yake.

Kazi hiyo ya baada ya upasuaji wamama wa Kivu Kaskazini wameibeba kwa namna yao.

Tuanze na kidonda chenyewe. Uchungu ukikwama siku mbili au tatu bila msaada, kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu kwenye mfupa wa nyonga. Damu haipiti, nyama inakufa. Mara nyingi mtoto anazaliwa amekufa, na siku chache baadaye ile nyama iliyokufa inachomoka na kuacha tundu. Kuanzia hapo mkojo unatoka wenyewe, usiku na mchana, na wakati mwingine haja kubwa pia. Mshipa wa fahamu ukiwa umebanwa vilevile, mguu mmoja unalegea na mama anatembea akiuburuza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka wanawake kati ya 50,000 na 100,000 duniani hupata fistula ya uzazi. Huko Ulaya fistula hiyo imesahaulika kabisa, kwa sababu anayekwama hupelekwa kupasuliwa kabla madhara hayajafika.

Kwa nini Masisi na Walikale? Tazama ramani. Walikale ina kilomita za mraba 23,475, pungufu kidogo tu ya Rwanda nzima, na sehemu kubwa ni msitu. Barabara ya kutoka Goma kupitia Sake na Masisi hadi Walikale imekuwa ya kupiganiwa kwa miaka thelathini. Kuna nyakati ambazo njia pekee ya kutoka ilikuwa kuzunguka kwa Hombo na Bukavu, au kuomba nafasi kwenye ndege ndogo zilizokuwa zikitua juu ya lami ya Kilambo kubeba madini ya kasiterite. Jiwe lilipata ndege. Mama aliyekwamiwa na uchungu alibebwa kwa tipoyi, vijana wanne mabegani, na tope la Masisi linajulikana.

Magazeti ya ng'ambo yamezoea kuandika kwamba fistula ya Kongo ni ya ubakaji. Ubakaji upo, na hakuna wa kuukana. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, waasi waliingia katika vijiji 13 kando ya barabara ya Kibua hadi Mpofi, huko Walikale, na Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa, wanaume na wavulana wakiwamo. Ntabo Ntaberi Sheka, mmoja wa wakuu wa makundi yaliyohusika, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi mjini Goma mwezi Novemba 2020. Hata hivyo, hospitali ya Panzi ya Bukavu, kwa utafiti ambao Daktari Denis Mukwege alishiriki, iliwaangalia wagonjwa 604 wa fistula waliotibiwa kati ya Novemba 2005 na Novemba 2007. Waliosema fistula yao ilitokana na ukatili wa kingono walikuwa 24. Waliothibitika kupata tundu moja kwa moja kutokana na ukatili huo walikuwa 5. Waliobaki, karibu wote, walikuwa na hadithi ya uzazi: uchungu uliokwama, au upasuaji uliofanywa vibaya.

Mimi nasema vita vimewajeruhi hao pia. Barabara iliyofungwa na mkunga aliyekimbia vinatoboa kibofu sawa na risasi. Ila tofauti hiyo ina uzito wake, maana mama akirudi kijijini na jina la fistula, watu humtazama kama aliyebakwa, awe amebakwa au la. Mume anapata kisingizio. Ndiyo maana katika vikundi ambavyo wamama waliotibiwa huunda ili kusaidiana kuna adabu moja ambayo mgeni huifahamu polepole: hakuna anayemuuliza mwenzake tundu lilitoka wapi. Akitaka kusema, atasema.

Goma inajulikana kwa kazi hii kupitia HEAL Africa, hospitali iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Kasereka Jo Lusi na mkewe Lyn, Mwingereza. Lava ya Nyiragongo iliiteketeza Januari 2002, wakajenga tena. Lyn alitunukiwa tuzo ya Opus mwaka 2011 na akafariki kwa saratani Machi 2012. Wao mapema waliona kitu ambacho hesabu za upasuaji hazikionyeshi: wagonjwa wa fistula hawaji na kuondoka. Wanakaa. Mmoja anasubiri kidonda kikauke, mwingine anasubiri kupata damu ya kutosha, mwingine anasubiri upasuaji wa tatu kwa sababu ule wa kwanza na wa pili haukushika. Katika kusubiri huko wanafundishana cherehani, kufuma vikapu, kusoma na kuandika. Filamu ya Lumo, iliyotoka mwaka 2007, ilipigwa humo humo, na anayeitazama ataona kwamba wenye usemi si madaktari. Ni wale wamama watu wazima wanaowalea wagonjwa, wanaogomba, wanaosali na wanaocheka nao.

Hebu tusogee karibu na kitanda. Mwenye fistula amejifunza kwa miaka kutokunywa maji, kwa hesabu ya kawaida tu: nisiponywa sitavuja. Matokeo yake mkojo unakuwa mzito, unanuka zaidi, unachubua mapaja, na mawe yanaota kibofuni. Baada ya upasuaji anawekewa mpira wa mkojo, siku saba hadi kumi na nne kutegemea kidonda, na amri ya kwanza ya muuguzi ni anywe. Anywe mpaka mkojo unaodondoka kwenye beseni ufanane na maji ya mvua. Muuguzi anaweza kusema hivyo mara kumi na mgonjwa akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akaonja funda moja. Anayemshawishi ni jirani wa kitanda cha pili, mwenye mpira wake mwenyewe, anayemwambia: «Mama, kunywa tu, miye pia nilikuwa naogopa.» Basi anakunywa.

Asubuhi wanaulizana neno moja: umekauka? Mkono unapita juu ya shuka. Shuka kavu ni shangwe ya wadi nzima, shuka bichi ni kimya na mtu wa kukaa naye. Kabla ya kuruhusiwa, kibofu kinajazwa maji yenye rangi ya buluu na pamba nyeupe inawekwa ukeni. Pamba ikitoka nyeupe, tundu limeziba. Nimesikia wamama wakiitaja ile buluu kama wanafunzi wanavyotaja mtihani wa taifa.

Wapo wanaofeli. Hapa ndipo makala nyingi hupita haraka, nami sipendi kupita. Tundu linaweza kuziba vizuri na mama bado akavuja akikohoa au akiinua ndoo, kwa kuwa misuli ya kufunga mkojo iliharibika. Daktari anaandika kwamba amefanikiwa, na kwa upande wa mshono hajadanganya. Mama analowa. Mtu wa namna hiyo akirudi peke yake kijijini, ameonekana na kila mtu akienda kutibiwa na kila mtu anaona hajapona, aibu yake inakuwa mara mbili. Ndani ya kikundi kuna walau mmoja kama yeye. Huyo anamfundisha kubana misuli na kuachia, mara nyingi kwa siku, hata akiwa anachambua majani ya sombe. Anamfundisha kukata vitambaa vya kitenge kuukuu, kuvifua na kuvianika mahali penye jua bila kujificha. Na anamwambia lini arudi kwa daktari, kwa sababu upasuaji mwingine mara nyingi unawezekana.

Halafu kuna maagizo ya kwenda nayo nyumbani. Usilale na mume miezi mitatu au zaidi. Usibebe mizigo mizito. Ukipata mimba nyingine, uzae kwa kupasuliwa, hospitalini. Kwa daktari ni mistari mitatu. Kwa mama wa Masisi, anayebeba gunia la viazi au makaa mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, asubuhi akipanda mlima na jioni akishuka, huo mstari wa pili ni kama kumwambia asile. Na wa kwanza unategemea mume ambaye huenda wakati yuko hospitali ameshaleta mke mwingine. Kikundi hakiwezi kubadilisha mlima. Kinaweza kugawana mzigo, na kinaweza kutuma mama mmoja mwenye umri na heshima akaongee na mume na mama mkwe. Mke mwenyewe akisema anaonekana mkaidi. Mama mtu mzima akisema, mara nyingi husikilizwa.

Fedha nayo. Kivu Kaskazini watu wanazijua MUSO, mituweli za mshikamano, zilizoenea kupitia parokia na mashirika ya wakulima. Utaratibu wake ni wa masanduku. Sanduku la kijani ni la akiba na mikopo: mtu anakopa anunue sabuni au chumvi ya kuuza, anarudisha na riba kidogo. La buluu ni la fedha zinazotoka nje. Jekundu ni la msaada, na kila mkutano kila mmoja anatia humo kiasi kile kile, hata kiwe kidogo namna gani. Linafunguliwa kwa ugonjwa, uzazi na msiba, na hakuna riba. Kwa mwanamke ambaye miaka mitano hakukaribishwa kukaa kwenye benchi la kanisa kwa sababu ya harufu, kuitwa jina kwenye daftari la MUSO, kusimama na kutia noti yake sandukuni mbele ya watu, kuna thamani ambayo sijaiona ikiandikwa kwenye ripoti yoyote.

Majirani zetu wamefika mbali kwa njia hiyo hiyo. Soroti, mashariki ya Uganda, shirika la TERREWODE la Alice Emasu liliunda vikundi vya wanawake waliopona ili wawatafute wengine waliojificha, na mwaka 2019 wakafungua hospitali yao wenyewe. Tanzania, hospitali ya CCBRT ilituma nauli kwa M-Pesa kwa mabalozi wa vijijini, wengine wao wagonjwa wa zamani, wampandishe mama basi mpaka Dar es Salaam. Addis Ababa, Mamitu Gashe aliingia kwa akina Hamlin, madaktari wa fistula, mwaka 1962 akiwa mgonjwa asiyejua kusoma, akabaki kusaidia, na mwishowe akawa yeye ndiye anayepasua wengine. Hakuna sababu Walikale isitoe Mamitu wake, isipokuwa kwamba kule Addis alikuwa na miaka mingi ya kukaa mahali pamoja.

Na kukaa mahali pamoja ndicho ambacho huku hakipatikani. Rubaya ilitekwa na waasi wa M23 Aprili 2024. Januari 2025 ikaanguka Masisi-centre, kisha Sake, kisha Goma yenyewe. Machi wakaingia Walikale-centre, Aprili wakatoka. Kambi za Bulengo na Lushagala, ambako wakimbizi wengi wa Masisi walikuwa wamejipanga upya, zilivunjwa Februari 2025 na watu wakaambiwa warudi makwao. Kikundi kilichojengwa kwa mikutano ya kila wiki hakiwezi kukutana ikiwa mwenye ufunguo wa sanduku yuko Minova na mwenye daftari yuko Bukavu. Wafadhili wanaweza kununua meza mpya ya upasuaji kwa mwezi mmoja. Mwanamke ambaye wenzake wanamwamini huchukua miaka kupatikana, na bajeti nyingi nilizoziona zinamlipa, kama zinamlipa, nauli na soda.

Kipimo changu cha kazi hii ni mimba inayofuata. Mama aliyeshonwa akizaa tena nyumbani, mshono unaweza kupasuka wote na yeye akarudi pale pale. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), ambalo limekuwa likisaidia hospitali kuu ya Masisi tangu mwaka 2007, liliweka pale makazi ya kungojea kwa wenye mimba za hatari, ili mama awe karibu na chumba cha upasuaji wiki kadhaa kabla ya siku yake. Makazi hayo yanamfaa anayeweza kufika. Kwa hiyo kikundi kinachojua kazi yake kinaanza kuhesabu mwezi wa tano wa mimba: sanduku jekundu lina kiasi gani, nani atabaki na watoto, pikipiki ya nani inapita Nyabiondo wiki hiyo, na kama barabara imefungwa, ni vijana gani wanne watabeba tipoyi. Katika mwezi wa nane anaondoka na mwenzake mmoja, aliyewahi kupasuliwa, mwenye sufuria, mkeka na karatasi ya hospitali iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki.