Jihadhari na Mafuta ya Injini

Mkulima wa Kibabii siku hizi hutumia injini katika kazi nyingi. Trekta humlimia shamba, injini ya dizeli humsagia mahindi, na pampu ndogo ya petroli humpandishia maji. Injini hizo ni msaada mkubwa, lakini mafuta yake yameteketeza watu wengi wasiojua tabia yake.

Tabia yenyewe ni hii. Petroli hutoa mvuke, hata wakati wa baridi ya asubuhi, na mvuke huo ndio unaowaka. Hauonekani kwa macho, nao ni mzito kuliko hewa. Kwa hiyo haupandi juu kama moshi, bali hutambaa chini hata ukafika kwenye jiko au taa iliyo mbali. Hapo moto hurudi mbio mpaka kwenye mtungi.

Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Watu walikimbilia kuteka mafuta, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Mwezi wa Julai 2021 mambo yakawa hayo hayo Malanga, katika Kaunti ya Siaya, wakafa watu zaidi ya 10. Ukiona lori la mafuta limepinduka, usilikaribie. Waondoe watoto, mwende mbali, upande unakotoka upepo.

Dizeli si kali hivyo. Haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ipate joto la zaidi ya digrii 50. Lakini ikimwagikia bomba la moshi lenye joto kali, huweza kuwaka. Tena ikichanganyika na petroli, hata kidogo, huwa ya hatari sana. Kwa hiyo usitumie mtungi mmoja kwa mafuta yote mawili.

Shika mambo haya:

1. Zima injini, ngoja ipoe, ndipo utie mafuta. Usivute sigara wala usishike taa ya moto.

2. Weka mafuta katika mtungi wenye kifuniko, nje ya nyumba ya kulala na mbali na jiko. Usiyatie katika chupa ya soda, maana mtoto atadhani ni kinywaji.

3. Usinyonye mafuta kwa mpira. Yakiingia mapafuni huweza kuua. Mtu akiyameza, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja.

4. Usiendeshe injini ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu.

5. Mafuta yakiwaka, usiyamwagie maji, kwa sababu mafuta huelea juu ya maji na kueneza moto. Yafunike kwa mchanga au udongo mkavu. Moto ukiwa mkubwa, kimbia uwaite wengine.

Debe la mchanga mlangoni pa mashine ya kusagia halina gharama. Liweke leo, kabla ya kuwasha injini.